Kuvua besi ziwani msimu wa baridi pamoja na mzazi wako: mwongozo wa anayeanza

Baridi ikianza tu, maswali huwa ni yale yale. Je, besi, samaki huyu mwindaji wa maziwani, hula maji yakiwa yamepoa hivi? Hujificha wapi? Nitumie chambo gani? Swali la mwisho ndilo zito kuliko yote: baba yangu ana umri mkubwa, au mama yangu magoti yanamsumbua, nitampeleka vipi ziwani kwenye baridi ile bila kumwumiza? Nimeyajibu yote hapa kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, tangu mazungumzo ya nyumbani hadi samaki anaporudishwa majini.

Shika jambo moja kabla ya mengine. Besi wa msimu wa baridi hataki haraka. Chambo kikipita mbio mbele yake, anakiacha kipite. Vijana wengi hurudi mikono mitupu kwa sababu mikono yao haijui kutulia. Mzee ameshajifunza kutulia zamani, na ndiyo maana huu ni uvuvi unaomfaa sana. Ipange siku kwa kufuata mwili wa mzazi, kisha umfuate samaki. Ukifanya hivyo utagundua kwamba saa zinazomfaa mzazi ndizo zinazomfaa samaki pia.

Nadharia ni fupi. Samaki hana joto lake mwenyewe, bali mwili wake hufuata joto la maji. Maji yakishuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, chakula humeng'enywa polepole tumboni mwa besi, kwa hiyo anakula mara chache na hafukuzi windo mbali. Lakini haachi kula. Jambo la pili ni kwamba maji huwa mazito zaidi yakiwa na nyuzi 4, na hayo ndiyo huzama chini. Uso wa ziwa ukipoa kupita hapo, kilindini panabaki na joto lililozidi kidogo lile la usoni. Haya mawili yanatosha. Mwongozo unahusu besi wa mdomo mpana zaidi. Besi wa mdomo mdogo hutulia kwenye kina kikubwa zaidi na hupenda mawe, ila hatua ni zile zile.

Vitu vya kuandaa

Vya uvuvi:

- Fimbo mbili nyepesi zenye urefu wa mita 2 hadi 2.1, ncha zake ziwe laini kiasi cha kuhisi mguso mdogo. Kila moja iwe na rili ndogo ya spini, yaani gurudumu la kukunjia mshipi linaloning'inia chini ya fimbo.
- Mshipi wa florokaboni au nailoni (uzi mmoja usiosukwa) unaobeba kilo 3 hadi 4. Mshipi wa kusukwa hunywa maji na kuganda barafu, hivyo uache nyumbani siku za baridi kali.
- Vichwa vya jigi (ndoana zenye kichwa kizito cha chuma) vya gramu 5, 7 na 10, pamoja na vyambo laini vya mpira vya sentimita 7 hadi 10. Rangi ziwe za kufifia: kahawia, kijani cha magugu, kijivu.
- Vijiko vya chuma vya kuvulia vya gramu 10 hadi 20, kwa ajili ya kuvua wima, yaani kushusha chambo moja kwa moja chini badala ya kutupa.
- Koleo yenye ncha ndefu, mkasi mdogo, na wavu wa kuopolea wenye nyuzi za mpira.
- Kipimajoto cha maji. Mwenye boti awe na kipima kina, kifaa kinachoonyesha kina cha maji na samaki walio chini.
- Kibali cha kuvua, chako na cha mzazi. Sehemu nyingine wazee husamehewa ada na nyingine hawasamehewi. Kuna maziwa yenye miezi ya kufungwa au yanayokataza chambo hai. Soma sheria za ziwa hilo hasa, usiende kwa kusikia.

Vya mwili:

- Jaketi la kuokoa maisha kwa kila mtu, linalomtosha akiwa tayari amevaa nguo nzito. Mjaribishe mzazi nyumbani.
- Jozi mbili za glavu kwa kila mtu, kwa sababu ya kwanza italowa.
- Nguo kamili za akiba na taulo kubwa ndani ya mfuko usiopitisha maji. Chukua za watu wawili, hata kama unaamini hakuna atakayelowa.
- Kiti chenye mgongo na kipande kinene cha povu cha kukanyagia. Baridi nyingi hupanda kutoka chini kupitia nyayo.
- Chupa ya thamosi yenye kinywaji cha moto na kitu cha kutafuna.
- Dawa za mzazi, filimbi kwa kila mtu, na simu yenye chaji ndani ya kifuko kisichopitisha maji.

Hatua kwa hatua

1. Zungumza na mzazi, na ikibidi na daktari wake.

Usimfanyie mzazi mshangao. Mwambie mnakwenda wapi, mtakaa muda gani, na kwamba wakati wowote akisema turudi, mtarudi. Mwulize habari za moyo, presha, kisukari na vidole vinavyokufa ganzi. Baridi hubana mishipa ya damu na kupandisha presha. Baadhi ya dawa za presha huifanya mikono na miguu ipoe haraka. Mwenye kisukari cha muda mrefu anaweza asihisi vidole vya miguu vikiganda. Na mwili wa mzee hautetemeki kwa nguvu kama wa kijana, kwa hiyo anaweza kupoa bila yeye wala wewe kujua. Ikiwa ana tatizo la moyo, pata neno la daktari kwanza. Akikataza, msivue siku za baridi, ngojeni maji yapate joto.

2. Chagua siku, halafu chagua saa.

Siku nzuri ni ile inayofuata siku mbili au tatu za hali ya hewa iliyotulia, hasa kama jua lilikuwa linatoka. Siku inayofuata dhoruba ya baridi, mbingu ikiwa haina wingu na upepo ukiwa mkavu, ni ngumu hata kwa mvuvi mzoefu. Upepo ndio wa kuogopa kuliko kipimo cha joto. Ukiona maji yanaanza kuvunja povu jeupe, ahirisha.

Saa zenyewe ni kuanzia saa 5 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Hakuna faida ya kumwamsha mzazi alfajiri. Wakati huo maji ya juu ndiyo yamepoa kupita saa zote, na samaki wamelala. Mchana jua likiwa limepasha mawe na maji ya kando, besi husogea kidogo na kufungua mdomo. Saa mbili au tatu za kuvua zinatosha.

3. Lisome ziwa ukiwa bado nyumbani.

Chukua ramani ya kina ya ziwa, chagua sehemu tatu tu, na uzipange kwa ukaribu na mahali pa kuegesha gari. Tafuta mahali ambapo kina kifupi kinakutana ghafla na kina kirefu. Besi wa baridi hukaa pale ili aweze kupanda au kushuka bila kusafiri. Mifano yake ni hii:

- Ncha ya nchi kavu inayoingia ziwani na kuporomoka upande mmoja.
- Ukingo wa mto wa zamani uliofunikwa na maji ya bwawa, hasa pale unapopiga kona.
- Ukuta wa mwamba au mawe yaliyopangwa kwenye boma la bwawa. Mawe hunyonya joto la jua na kulitoa polepole.
- Visiki na miti iliyozama kwenye kina cha mita 4 hadi 8.
- Magugu ambayo bado ni ya kijani. Yaliyooza na kugeuka kahawia yaache.

Kwa kawaida anza kwenye mita 5 hadi 9. Ziwa lenye maji angavu sana, ongeza, ila kama mtawarudisha samaki msipite mita 9 (tazama hatua ya 10). Ziwa la tope lenye kina kifupi, punguza, kwa sababu huko besi anaweza kuwa kwenye mita 2 tu. Kaskazini mwa ikweta jua la majira ya baridi huinama upande wa kusini, kwa hiyo ufuo unaotazama kusini ndio unaopata joto. Kusini mwa ikweta geuza: tafuta ufuo unaotazama kaskazini. Ufuo huo ukiwa pia umekingwa na upepo, mzazi na samaki wote wamepata wanachotaka.

4. Funga ndoana nyumbani, mezani, mahali penye joto.

Hatua hii hurukwa na wengi, na wanaijutia wakifika. Vidole vilivyokufa ganzi havifungi fundo. Andaa vipande vinne au vitano vya mshipi vya urefu wa nusu mita, kila kimoja kikiwa na jigi upande mmoja na kitanzi upande wa pili, uvizungushe kwenye kipande cha povu. Weka kiungio kidogo chenye klipu kwenye mshipi mkuu wa kila fimbo. Ziwani kazi yako itakuwa kuchomoa na kuchomeka.

Fundo la kutumia ni Palomar, ambalo ni jepesi na imara:

- Kunja mshipi uwe mara mbili, kama sentimita 15, na upitishe mkunjo kwenye tundu la ndoana.
- Funga fundo la kawaida kwa mkunjo huo, bila kulikaza. Ndoana ining'inie katikati.
- Pitisha ndoana yote ndani ya kitanzi kilichobaki.
- Lowesha kwa mate, vuta taratibu hadi likaze, kata ncha.

Mpe mzazi nafasi ya kufunga mengine. Kama alivua ujanani, mikono yake itakumbuka, na huenda akawa na fundo bora kuliko hili.

5. Vaeni kwa matabaka.

Tabaka la ndani liwe la sufu au la kitambaa cha michezo kinachotoa jasho, wala si pamba. Pamba ikilowa hubaki imelowa na kuuvuta moto wa mwili. Juu yake sweta nzito, na nje kabisa koti lisilopitisha upepo wala maji. Kofia ifunike masikio. Viatu visibane: soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana huzuia damu, na miguu hupoa haraka kuliko kwa soksi moja. Jaketi la kuokoa maisha huvaliwa nje ya vyote na hufungwa vifungo vyote kabla ya kukanyaga gati au boti. Si baada ya kukaa.

6. Mkalishe mzazi kabla ya kutoa fimbo.

Kama hamjawahi kwenda pamoja msimu wa baridi, nakushauri kwa moyo wote muanzie nchi kavu. Gati imara au ufuo wa mawe wenye kina kirefu karibu hutoa samaki vizuri, na gari lenye joto liko hatua chache. Boti ingoje safari ya pili au ya tatu.

Ufuoni, tandika povu, weka kiti juu yake, hakikisha hakitikisiki, na mgongo wa mzazi uelekee upepo. Kagua njia ya kutembea. Mawe yenye barafu nyembamba huonekana kama yamelowa tu. Mkabidhi mkono, usimvute.

Kwenye boti, ishike boti ikiwa imebana gati, mzazi aingie kwa kuinama, mkono mmoja ukiwa umeshika kitu muda wote, na akae mara moja. Wewe ingia baadaye. Asiwepo wa kusimama wakati boti inakwenda. Endesha polepole, maana mwendo wa boti hugeuza baridi ya kawaida kuwa baridi inayochoma uso.

7. Pima joto la maji, ndipo uamue mwendo.

- Juu ya nyuzi 10: besi bado anatembea. Buruta jigi polepole, na jaribu pia chambo kinachofanana na samaki mdogo anayeelea katikati ya maji.
- Nyuzi 7 hadi 10: punguza ukubwa wa chambo. Kila ukikivuta kidogo, kiache kitulie sekunde 5 hadi 10.
- Nyuzi 4 hadi 7: tulia sekunde 15 hadi 30. Ndiyo, nusu dakika. Hesabu kwa sauti kama unahisi mkono unawasha.
- Chini ya nyuzi 4: samaki wapo lakini kila mguso ni zawadi. Hapa kuvua wima juu ya samaki uliyemwona kwenye kipima kina ndiyo njia yenye matumaini.

8. Tupa, acha kizame, kokota.

Tupa kuelekea kina kirefu, acha rili wazi ili chambo kizame bila kuvutwa. Mshipi ukilegea ghafla, kimefika chini. Funga rili, kusanya ulegevu, kisha sogeza ncha ya fimbo pembeni kwa kiasi cha upana wa kiganja. Simama. Hesabu. Sogeza tena. Chambo kisiruke, kikwaruze chini. Mtupo mmoja ulio sahihi unaweza kuchukua dakika tatu au nne.

Mzazi mwenye maumivu ya bega asitupe kabisa. Akiwa kwenye gati au boti, mpe kijiko cha chuma au jigi ndogo ashushe wima hadi chini, akiinue sentimita 30, akishushe taratibu huku mshipi ukiwa umenyooka, na atulie. Besi huchukua wakati kinashuka. Huhitaji nguvu kwa kazi hii, unahitaji kuhisi tu, na wazee wengi huifanya vizuri kuliko sisi. Pale sheria inaporuhusu chambo hai, samaki mdogo chini ya chelezo pia anamfaa, ila usihamishe samaki hai kutoka ziwa moja kwenda jingine: unaweza kuhamisha magonjwa na viumbe vigeni.

Msimpokonye mzazi fimbo kila inapoonekana anakawia. Kukawia ndiyo kazi yenyewe.

9. Tambua mguso.

Usitegemee mtikisiko wa nguvu. Besi wa baridi hufyonza chambo na kubaki pale pale. Utahisi uzito uliokuwa haupo, mithili ya jani lililolowa limekwama kwenye ndoana. Au mshipi utasogea pembeni. Au chambo kitaacha kuzama kabla ya muda wake. Ukiwa na shaka, kusanya ulegevu kwa rili hadi mshipi unyooke, kisha vuta fimbo pembeni kwa mwendo mmoja ulio imara. Usipige kama unakata kuni, maana mshipi huu ni mwembamba.

Breki ya rili ifungwe kiasi kwamba mshipi utoke ukivutwa kwa nguvu ya robo hadi theluthi ya uzito unaobebwa na mshipi wenyewe. Iangalie tena ukifika ziwani, kwa kuwa grisi ya ndani hukaza kwa baridi.

10. Opoa, piga picha, rudisha.

Lowesha mikono au utumie wavu wa mpira, ili ute unaomkinga samaki usitoke. Mshike mdomo wa chini kwa kidole gumba na umuunge tumboni kwa mkono wa pili. Hewa ikiwa chini ya sifuri, macho na matamvua yake yanaweza kuganda upesi, kwa hiyo ndoana itolewe samaki akiwa majini, na picha iwe moja ya haraka. Andaa simu kabla ya kumnyanyua.

Besi hawezi kutoa hewa ya kibofu chake kwa mdomo. Akivutwa kutoka zaidi ya mita 9, kibofu hicho huvimba na anaweza kushindwa kuzama. Ndiyo sababu sipendekezi kuvua kina hicho kama nia yenu ni kuwarudisha. Mkimpata mmoja kwa bahati, mrudisheni mara moja, kichwa kikitangulia, msimweke kwenye tangi. Mkitaka kula, chukueni idadi na urefu unaoruhusiwa na muwaache wale wakubwa wazaliane.

11. Mtazame mzazi kila nusu saa.

Usimwulize tu, "Baba, unasikia baridi?" Atasema hapana, wazazi ndivyo walivyo. Mwambie avue glavu akuonyeshe vidole. Mwombe afunge kifungo. Msikilize anavyozungumza. Ulimi ukiwa mzito, mikono ikiangusha vitu, akiwa amenuna bila sababu au ameacha kutetemeka ingawa bado ana baridi, safari imekwisha. Mpeleke ndani, mvue kilicholowa, mfunike, upashe kifua na mgongo kwanza. Usimsugue mikono wala miguu. Kinywaji cha moto chenye sukari apewe tu kama yuko macho kabisa na anameza vizuri. Akichanganyikiwa au kusinzia, piga simu ya dharura bila kungoja.

Makosa yanayorudiwa

*Kunywa pombe ili kupata joto.* Pombe hufungua mishipa ya ngozi na kulitoa joto nje. Unahisi moto huku mwili unapoa.

*Kuwasha jiko la gesi au la mkaa ndani ya hema au kibanda cha boti kilichofungwa.* Hewa ya kaboni monoksidi haina harufu, na inaua.

*Kukanyaga barafu ili kufika penye kina.* Mwongozo huu ni wa maji yaliyo wazi. Barafu ya ukingoni haina unene sawa, na karibu na chemchemi au mdomo wa mto huwa nyembamba hata kama kwingine inabeba mtu. Ikiwa ziwa limefunga barafu, rudini.

*Kuhamahama.* Mtu anatupa mara tano, anahama. Besi wa baridi hukaa kwa makundi, na kundi zima linaweza kuwa ndani ya eneo dogo kuliko chumba. Ukipata mmoja, usisogee hata hatua. Tupa pale pale.

*Kusahau kumweleza mtu.* Mwache mtu mmoja nyumbani anayejua ziwa gani, upande gani, na saa ya kurudi.

Mtu akitumbukia

Wasomee wenzako sehemu hii kabla ya kuondoka. Katika maji baridi, dakika ya kwanza mwili huvuta pumzi kwa nguvu bila hiari. Kazi ya dakika hiyo ni moja: kichwa kibaki juu hadi pumzi itulie. Baada ya hapo kuna kama dakika 10 ambazo mikono bado inatii. Zitumie kupanda kwenye boti au ngazi. Kupoteza fahamu kwa baridi huchukua kama saa moja, ikiwa una jaketi la kuokoa maisha. Asiye na jaketi mara nyingi hafiki hata nusu ya muda huo, kwa sababu mikono huacha kuogelea. Mzazi akitumbukia, usimrukie. Mnyooshee fimbo au kamba, au mrushie boya, ongea naye kwa sauti tulivu, piga filimbi, piga simu. Mkiwa wawili majini mmekosa wa kuita msaada.

Mambo yakikwama

*Barafu inaziba pete za fimbo.* Tumbukiza ncha ya fimbo majini ili iyeyuke. Usiivunje kwa kucha wala koleo, utapasua pete. Nyumbani paka pete mafuta mazito ya mgando ili maji yasishike.

*Saa nzima hakuna mguso.* Badilisha kina kabla ya kubadilisha chambo. Sogea mita 2 chini zaidi, kisha mita 2 juu. Ikishindikana, punguza ukubwa wa chambo na uongeze muda wa kutulia. Rangi ibadilishwe mwisho.

*Chambo kinakwama kila mara kwenye visiki.* Tumia jigi yenye kizuia-magugu, au ficha ncha ya ndoana ndani ya mpira. Kikikwama, legeza mshipi na utikise ncha taratibu. Kuvuta kwa nguvu huzamisha ndoana zaidi.

*Samaki wanaponyoka njiani.* Mara nyingi ndoana ni butu au breki imekazwa mno. Jaribu ncha kwenye ukucha: ikiteleza, inoe au ibadilishe.

*Samaki aliyerudishwa anaelea ubavu.* Mshike wima majini, bila kumsukuma mbele na nyuma, hadi apige mkia mwenyewe. Kama anaelea kwa sababu ya kibofu kilichovimba, hameni kina kifupi zaidi. Msiendelee kuvua pale.

*Mzazi hataki kuvaa jaketi, anasema linambana.* Kuna yale membamba yanayojipuliza yenyewe yakiingia majini. Yakaguliwe mtungi wake wa gesi kabla ya msimu, na maelezo ya mtengenezaji yasomwe, kwani baadhi hayafai kwenye baridi ya kuganda. Vaa lako kwanza mbele yake. Akikataa bado, vueni mkiwa nchi kavu, mbali na ukingo.

*Mzazi amechoka lakini hataki kukuharibia siku.* Sema wewe ndiye unayesikia baridi. Kunja fimbo yako kwanza, washa gari lipate joto, halafu umwambie, "Mzee, nisindikize nikapashe mikono."

*Vidole vya mzazi haviwezi kushika rili ndogo.* Badilisha kishikio kwa kikubwa cha mpira au povu, au mpe fimbo iliyowekwa kwenye kishikilia fimbo, yeye atazame ncha na kuinua inapopinda. Kama rili inageuzwa mkono, hamisha kishikio upande wa mkono wenye nguvu zaidi. Kwa rili nyingi za spini ni kazi ya kufungua skrubu moja, na ifanywe nyumbani.